Sikukosa Hata Siku Moja

Watu wakisikia nimezaliwa Mtunda hunitania kwamba sisi tulisomea juu ya miti. Siku hizi nacheka nao. Zamani nilikuwa nakasirika hadi midomo inanitetemeka, na wasionijua walidhani nina kiburi cha bure. Kiburi sikuwa nacho. Utani ule ulipita karibu mno na jambo lililoninyima chuo, na jambo lenyewe sikupata kumweleza mtu. Waliokuwa wanaweza kuumia nikilisema wote wamekufa sasa, basi nalisema.

Mtunda kwenyewe ni mchanga. Mihogo inakubali na mikorosho inakubali, lakini mpunga wetu ulikuwa chini kwenye delta, mbele ya Ruaruke, mahali ambapo maji ya mto na maji ya bahari hubishana mara mbili kwa siku. Mvua zikikaribia, watu walifunga milango kwa kamba, wakabeba vyungu, kuku na watoto, wakahamia huko mpaka mavuno. Tulikaa kwenye madungu, vibanda vilivyojengwa juu ya nguzo za mikoko, kwa kuwa chini maji yalijaa na kutoka yalivyotaka. Mwanzo wa msimu adui alikuwa kaa, ambaye huikata miche michanga asikuachie kitu. Halafu nguruwe. Halafu mpunga ukianza kutia maziwa walikuja ndege, na ndege walikuwa kazi ya watoto. Unasimama juu ya dungu tangu alfajiri, kombeo mkononi, lundo la mabonge ya udongo miguuni, unapiga kelele mpaka jua litue. Ukisinzia kidogo tu, chakula cha mwaka kimekwenda.

Baba yangu alikuwa mkata boriti. Alifariki nikiwa darasa la tatu. Homa ilimshika huko huko kwenye mikoko, wakamleta kwetu akiwa hasemi tena. Aliacha mama, mimi na wadogo zangu wawili wa kike. Mama hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku nilipomwambia kwamba mwalimu hapendi watoto wenye akili waende delta, alikuwa anafunga mkeka. Alisema ndege naye hapendi mambo mengi lakini anakuja. Nikabeba kuku, tukaondoka.

Shule yetu ilikuwa juu, kwenye njia ya kwenda Kibiti. Masika yakifika, nusu ya madawati yalibaki matupu. Walibaki watoto wa wenye maduka, wa jumbe, na wale waliokuwa na baba au kaka wakubwa wa kulinda shamba. Serikali ya Mwingereza ilikuwa na sheria yake: mtoto aliyeandikishwa asipohudhuria, mzazi huitwa barazani, hutozwa faini, na asiye na cha kutoa hufungwa. Na shule ambayo watoto wake hawahudhurii ilikuwa inafungwa, mwalimu anahamishwa. Tulijua shule mbili zilizofungwa hivyo, na majengo yake yalikuwa yanafugiwa mbuzi.

Mwalimu wetu mkuu alikuwa mgeni, mtu wa pwani ya kaskazini, mrefu, mkali, hana mke wala mtoto kwetu. Yeye ndiye aliyeitafutia dawa sheria ile. Kila asubuhi ya masika alifungua daftari la mahudhurio, akasoma majina yote, na kila jina akalitia mstari wa wino mweusi, maana yake yupo. Wino mwekundu, wa asiyekuwepo, haukutumika miezi hiyo ila kwa mtoto aliyekufa au aliyehama. Bwana Elimu, ofisa wa serikali wa shule zote za wilaya, hakuwa na njia ya kuja kuhesabu vichwa, kwa sababu masika barabara ilikufa, na lori lililothubutu lilikaa matopeni mpaka kiangazi. Wazazi walijua. Jumbe alijua, na nadhani hata karani wa baraza alijua. Hakuna aliyelisema. Baada ya mavuno kila mama alimpelekea mwalimu pakacha la mchele mpya, naye alipokea bila kutazama ndani. Asiyekuwepo na lake halipo, husema watu. Sisi hatukuwepo na letu lilikuwepo, kwa wino mweusi.

Ubaya ni kwamba mtihani wa nusu mwaka haukutungwa na mwalimu wetu. Ulikuja kutoka juu, katika bahasha, na tuliufanya tukiwa tumerudi juzi, matope ya delta bado yako kwenye kucha. Nilikuwa naketi mbele ya karatasi za hesabu ambazo sikupata kuziona maishani, nikiandika jina langu vizuri sana, kisha nakaa nalitazama. Napata ishirini, ishirini na mbili. Halafu tangu mwezi huo mwalimu alinishika. Kila siku baada ya alasiri aliniweka barazani kwake, akanirudishia miezi minne kwa wiki saba au nane, akinipiga rula ya vidole kila nilipokuwa mzito. Mwisho wa mwaka nilikuwa wa kwanza. Themanini, themanini na tano. Mwaka uliofuata, tena ishirini. Ukizichora alama zangu utadhani ni meno ya msumeno.

Nilitaka kuwa mwalimu kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote, kuliko hata viatu. Juu ya dungu, kati ya kundi moja la ndege na jingine, niliwaandikia wadogo zangu hesabu kwa mkaa kwenye mbao na kuwagombeza kwa sauti ya mwalimu wangu. Nilipofika darasa la nane mwalimu alileta fomu ya chuo cha ualimu. Chuo kilikuwa mbali, unapanda lori na kisha treni, na kilichukua wachache mno kutoka jimbo zima. Kutoka kwetu hakuwa amechukuliwa mtu. Mwalimu aliijaza fomu kwa mwandiko wake wa kulala, akaambatisha alama zangu za miaka mitatu, akasema, "Wataona hizi za mwisho wa mwaka. Mwenye macho haambiwi tazama."

Walitazama, na waliona vyote. Ilirudi barua kutoka Boma la Utete. Ilisema mwombaji ana alama zisizolingana, na kwamba kabla ya kumchagua au kumwacha, aje mbele ya kamati ajieleze, na aje na madaftari ya mahudhurio ya miaka hiyo mitatu.

Mwalimu aliisoma barua ile akiwa amesimama mlangoni. Aliisoma mara mbili, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa kanzu, na kwa siku mbili hakunisemesha. Nilidhani amekasirika nami. Siku ya tatu aliniita, nikamkuta ameyafunga madaftari katika kitambaa cha kaki na kuyashona kwa uzi wa gunia, mishono ya karibu karibu kama ya mfuko wa kwenda nao safari ndefu. Aliniambia nisifungue. Kisha akaniambia neno ambalo nimelipindua kichwani miaka yote hii.

"Wakikuuliza, sema kweli yote. Usimtazame mtu usoni, awe ni wewe, au mama'ko, au mie. Sema ulikuwa wapi."

Nilidhani anamkusudia mama. Nilidhani anaogopa kwamba nitaficha habari za shamba kwa kuhofia mama ataitwa barazani. Nikaenda nyumbani nikamwambia mama hivyo. Alikuwa anapeta mchele, hakusimamisha ungo.

"Waambie ni mie niliyekuchukua," akasema. "Watajie jina langu na la babangu. Wakitaka kunifunga wanifunge, mradi wewe uende."

Basi nilikuwa na ruhusa ya wote wawili. Nilikwenda na jibu tayari, na njia nzima nililirudia kwa sauti, mpaka watu niliopishana nao waliniangalia mara mbili: Bwana, miezi ile nakuwa delta naamia mpunga, nafukuza ndege, mama ni mjane, sina kaka. Maneno machache tu, na yote ya kweli. Nililala Umwe kwa jamaa wa mama. Walinipa samaki na ubwabwa, wakanisifu kwa mzigo mkubwa wa elimu niliobeba kichwani. Nilicheka nikaulaza mzigo karibu na mto wangu. Ningeweza kukata uzi ule usiku ule na kuona. Sikukata, kwa kuwa niliambiwa nisikate, na nilikuwa mtoto wa kusikia. Asubuhi nikafuata mto, nikavuka kwa mtumbwi, madaftari nimeyapakata yasilowe, nikapanda kilima cha Boma.

Kamati walikuwa watatu. Katikati aliketi Bwana Elimu, Mzungu mwenye uso mwekundu, Kiswahili chake kizuri ila kilitembea polepole. Kushoto kwake karani wa kuandika. Kulia kwake alikuwa mkaguzi wa shule, Mwafrika, mtu mzima wa pwani, kofia yake ya kitani ameiweka mezani. Karani alikata uzi wa gunia kwa wembe. Bwana Elimu akafungua daftari la kwanza, akalisoma kwa kidole, akageuza ukurasa, akageuza tena. Nilisimama nikingoja niulizwe ili nitoe jibu langu.

"Kabla hujasema," akaniambia, "tazama hapa."

Akanigeuzia daftari. Nililiona jina langu, na mbele yake mistari ya wino mweusi imepangwa mwezi kwa mwezi, Machi, Aprili, Mei, mizuri, imenyooka, hakuna hata mmoja uliotetemeka. Nilikuwa najua tangu utotoni kwamba mwalimu hutuandika. Kulijua ni kitu kimoja. Kuliona mezani kwa Mzungu, mbele ya karani mwenye kalamu, nilikuwa sijapata. Ndipo nilipoelewa mzigo nilioubeba kichwani kutoka kwetu, na mwalimu alikuwa anasema nini aliposema nisimtazame yeye.

"Hukukosa hata siku moja," akasema Bwana Elimu. "Mtoto huyu anakuja kila siku, anapata ishirini na mbili. Mwisho wa mwaka anapata themanini na tano. Ama unaiba majibu, ama kuna jambo jingine. Ulikuwa shuleni au hukuwa?"

Nimesoma mahali kwamba mtu aliye katika shida huona maisha yake yote mbele yake. Mimi niliona rula. Niliona mkono ule uliokuwa unanipiga vidole barazani baada ya alasiri, nikawaza kwamba nikisema sikuwepo, mkono ule utafungwa pingu, na shule itafugiwa mbuzi, na mama zetu wote wataitwa barazani kwa safu, kwa sababu jina langu halikuwa peke yake kwenye ukurasa ule. Hayo ndiyo niliyojiambia baadaye. Kwa haki niseme na lililobaki: niliogopa. Nilikuwa nimesimama miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji, na sikuwa na moyo wa kumwambia Mzungu kwamba kitabu cha serikali ni cha uongo.

"Nilikuwepo, bwana," nikasema.

Akaniuliza basi zile alama mbaya zilitoka wapi. Nikasema nilikuwa mvivu. Akauliza na zile nzuri. Nikasema mwisho wa mwaka naogopa fimbo. Bwana Elimu akacheka, akatafsiri jibu langu kwa Kiingereza bila sababu, kwa kuwa wote pale walikuwa wamelisikia. Karani naye akacheka kwa adabu.

Mkaguzi hakucheka. Alikuwa ananitazama miguu, na sijui kama ni kucha zangu alizoziona au ni nini. Alivuta daftari kwake, akapitisha macho majina yote ya Aprili, kisha akalifunga taratibu. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua tu, watu wa kwetu masika hulima wapi. Alikuwa amenifungulia mlango. Nilijua ni mlango na nilijua anajua. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema nilikuwepo, na njia ya mwongo ni fupi, ukirudi nyuma hatua moja unaanguka.

"Wengine delta, bwana," nikamjibu. "Sisi hatuna shamba."

Akatikisa kichwa. Hakuniuliza tena.

Nilirudi kwa siku mbili na nusu na sikumbuki nilikula wapi. Nilifika shuleni watoto wametoka. Nikapiga hodi kwa mwalimu, akanikaribisha kwa sauti ya kawaida. Chumba kilikuwa kimefagiwa. Kitanda hakina mkeka. Mkeka ulikuwa umekunjwa na kufungwa kamba. Kasha lake la bati limefungwa kufuli, juu yake viatu na mwavuli, na vitabu vyake vimefungwa mafungu mawili. Alikuwa amevaa kanzu safi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza watakuja lini.

Sikuelewa. Nikamuuliza nani.

"Wa kunichukua," akasema. "Umesema, sivyo?"

Nikamwambia sikusema. Nikamweleza yote, la uvivu, la fimbo, la kwamba hatuna shamba. Nilikuwa naeleza kwa haraka, na niseme kweli, nilitegemea ataniwekea mkono kichwani. Nilikuwa nimempa kitu kikubwa kuliko vyote nilivyokuwa navyo. Aliketi juu ya kasha lake, viatu vikaanguka, hakuviokota.

"Nani alikuomba unihurumie?" akaniuliza.

Akasema miaka tisa alikuwa anatia wino ule, na kila mstari alijua ni uongo, na alikuwa amekwisha kujikatia hukumu mwenyewe. Alikuwa amewaaga baadhi ya watu kwa mafumbo. Alinichagua mimi kwa kuwa mimi ningepata kitu kwa kusema, na uongo ungekufa ukiacha faida. Sasa hakuna aliyepata. Akainamisha kichwa. "Na mie nitakaaje hapa?" akasema, na sidhani alikuwa ananiuliza mimi.

Nilitoka bila kuaga. Nililia njiani, na kabla sijafika nyumbani kilio kilikuwa kimegeuka hasira, na hasira ile imekaa nami muda mrefu kuliko kilio. Mtu mzima yule alikuwa na kalamu, alikuwa na wino wa rangi mbili, alikuwa na anwani ya Bwana Elimu. Kama alitaka kusema, kwa nini asiandike barua? Kwa nini toba yake aishone ndani ya kitambaa na kumtwika kichwani mtoto, bila kumwambia alichobeba? Nimemgombeza hivyo mara nyingi, nikiwa njiani, nikiwa shambani, hata siku ya mazishi yake. Halafu hukumbuka zile alasiri za barazani kwake, na kwamba hakuna mtu mwingine katika dunia hii aliyeona kwamba mimi nina akili, na hasira hunywea. Haiishi. Hunywea tu.

Barua ilifika mwezi mmoja baadaye. Niliisoma mwenyewe. Ilisema mwombaji anazo akili lakini hana bidii ya kudumu, na chuo hakihitaji walimu ambao hufanya kazi kwa kuogopa fimbo. Sentensi ile ya fimbo ilikuwa yangu mimi, wameiandika vizuri.

Mwalimu alikaa mwaka mmoja na nusu zaidi, na masika yaliyofuata alitia wino mwekundu. Hakumwambia mtu. Kiangazi kilipofika Bwana Elimu akaja, akaona, na wazazi wakaitwa, kumi na wanne siku moja. Watu walimchukia kwa namna ambayo siwezi kuieleza. Hakuna aliyempelekea pakacha tena, na watoto walimwimbia akipita. Nilikuwa najua kwa nini amefanya hivyo, na nilikuwa peke yangu kujua, na sikumtetea. Tulikuwa tunapishana njiani tukiamkiana kama watu waliokutana safarini. Kisha akahamishwa, na shule ikaendelea kuwa shule, wala mbuzi hawakuja. Yote niliyoyaogopa pale mezani hayakutokea, au yalitokea na watu wakayamaliza.

Mama hakuwa miongoni mwa wale kumi na wanne, kwa sababu mwaka ule hakuwachukua wadogo zangu delta. Aliwaacha kwa shangazi yangu wasome. Alisema mmoja aliyekosa anatosha. Mimi sikuwa mwanafunzi tena na sikuwa kitu kingine, basi nilikwenda naye, mwanamume mzima mwenye ndevu za kwanza, nikapanda juu ya dungu kufanya kazi ya watoto.

Tangu barua ile ije mama alikuwa hajaniuliza lolote. Aliniuliza huko, katikati ya msimu, mchana, tukila. Ndege walikuwa wametulia kwa sababu ya jua. Aliniuliza kama wale watu wa Utete nilipowaambia kwamba ni yeye aliyenichukua, walisema nini. Alitaka kujua walimsema vibaya kiasi gani. Nadhani alikuwa amelibeba swali hilo miezi yote ile, akijiona ni yeye na mpunga wake walioniangusha, na alikuwa tayari kusikia.

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimechoka kudanganya. Nikamwambia sikumtaja. Nikamwambia niliulizwa kwetu tunalima wapi, nikasema hatuna shamba.

Alirudisha tonge kwenye sahani. Alitazama mbele, kwenye ule mpunga aliouotesha kwa mgongo wake tangu baba afe, uliotulisha sote na kunivisha kaptula ya kwendea Boma.

"Ulinionea aibu, mwanangu?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana. Akaniuliza basi kwa nini. Jibu lilikuwa ni mwalimu, na wadogo zangu walikuwa darasani kwake siku ile ile, na nikilitaja, jina lake lingegeuka tusi kijijini. Neno moja tu kwa mama lingefika kisimani kabla ya jua kutua. Nilinyamaza mbele ya mama yangu kwa ajili ya mtu ambaye hakutaka kunyamaziwa. Mama alinisubiri muda wa kutosha, kisha akanawa mikono, akashuka ngazi kwenda kupalilia. Hakuniuliza tena mpaka alipofariki.